Kisahani Kimepita Kizima: Kutafuta Chanzo cha Tatizo kwa Anayeanza Trapu

Anayeanza trapu, mchezo wa kupiga kwa shotigani visahani vinavyorushwa angani, akikosa vitano mfululizo, kitu cha kwanza anachokigeukia ni boksi la risasi. Anasoma maandishi yake, anamuuliza aliyesimama pembeni anatumia zipi, na safari ijayo anakuja na risasi zenye kasi zaidi na marisau (vile vipunje vinavyotoka ndani ya risasi na kutawanyika) mengi zaidi. Visahani vinaendelea kupita. Sasa bega nalo linauma.

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, yaani unachokiona, unachokisikia na unachokihisi begani, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Niseme mapema ninakoegemea: risasi zina makosa yake, na baadhi yanaweza kuua mtu, lakini kisahani kinapopita kizima, mtuhumiwa wa kwanza ni shavu, wa pili jicho, wa tatu miguu. Risasi iko mbali kwenye foleni.

Unachopiga, na unachopigia

Kwenye trapu ya Kimarekani kuna mashine moja iliyofichwa ndani ya kibanda kifupi. Wapigaji watano husimama kwenye stesheni tano, na umbali wa kuanzia ni yadi 16 nyuma ya kibanda, karibu mita 15. Kila mmoja hupiga visahani vitano kwenye kila stesheni, jumla 25 kwa raundi, risasi moja kwa kisahani. Mashine inayumba kushoto na kulia, kwa hiyo hujui kisahani kitatokea upande gani. Unachojua ni kwamba kitakuwa kinapanda na kinakukimbia. Trapu ya Olimpiki ni kali zaidi: mashine 15 ndani ya handaki, visahani vinavyorushwa hadi mita 76 hivi, na kwenye mchujo unaruhusiwa risasi mbili kwa kila kisahani.

Kisahani kina upana wa sentimita 11 hivi na kimo cha sentimita 2.5, na uzito wake ni takriban gramu 105. Tunakiita cha udongo kwa mazoea tu, maana kimetengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Kwa kuwa kinakukimbia, huoni uso wake, unaona ukingo, na ukingo ndio sehemu yake ngumu. Likumbuke hilo, litarudi tukifika kwenye ukubwa wa marisau.

Kwenye boksi la risasi tafuta mambo matano: geji (kipimo cha upana wa mtutu), urefu wa risasi, uzito wa marisau, ukubwa wa marisau na kasi. Kwa anayeanza na shotigani ya geji 12, ningemwambia achukue risasi za urefu wa milimita 70 (inchi 2¾), zenye gramu 24 hadi 28 za marisau, namba 8 au 7½, na kasi ya kawaida ya futi 1,145 hadi 1,200 kwa sekunde, yaani mita 350 hadi 365. Maboksi ya Kimarekani hutaja pia "dram", kipimo kilichobaki tangu enzi za baruti nyeusi. Kwa risasi yenye wakia 1⅛ ya marisau, dram 2¾ ni kasi ya futi 1,145 na dram 3 ni futi 1,200. Namba ya marisau ikipanda, marisau yanapungua ukubwa: 7½ ya Marekani ni milimita 2.4, 8 ni milimita 2.3, 9 ni milimita 2.0. Namba hizi hazifanani nchi hadi nchi, na namba 7 ya Uingereza ni karibu sawa na 7½ ya Marekani, kwa hiyo milimita ndizo za kuaminiwa.

Mlio umekuwa hafifu, "pu" tu

Hii ndiyo dalili ambayo hupaswi kuijaribu mara ya pili. Risasi imelia hafifu, teke la bunduki begani halikuja, pengine umeona marisau yakidondoka karibu na miguu yako. Simama hapo hapo. Mtutu ubaki umeelekea mbele, fungua bunduki, toa kila kilichomo, kisha uangalie ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba, yaani nyuma risasi inapokaa, mpaka uone mwanga upande wa pili.

Ndani ya kila risasi ya shotigani kuna kikombe cha plastiki kinachobeba marisau. Baruti ikiungua vibaya, kikombe hicho hukwama katikati ya mtutu. Ukipiga risasi nyingine nyuma yake, mtutu unavimba au unapasuka, na mkono wa mbele uko umeushika palepale. Chanzo mara nyingi ni unyevu ulioingia kwenye risasi, au risasi zilizojazwa upya nyumbani na mtu aliyesahau kupima baruti. Risasi za kujaza upya za mtu mwingine, hata kama ni rafiki na anakupa bure, usizipige. Ukikuta boksi la kiwandani lina risasi mbili za namna hiyo, boksi zima liweke kando.

Umevuta, imesema "ka", hakuna kilichotoka

Usiifungue bunduki. Ishike ikiwa imeelekea uwanjani na uhesabu sekunde 30 kimya kimya, kwa sababu kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Baada ya hapo fungua, toa risasi, uitazame fataki yake, yaani kile kiduara cha chuma katikati ya kitako cha risasi.

Fataki ikiwa na shimo la kina, pini imefanya kazi yake na risasi ndiyo mbovu. Ikiwa na alama ndogo ya juujuu, au haina alama kabisa, geukia bunduki. Pini inaweza kuwa imelika, springi imechoka, au mafuta mazito na uchafu vinaipunguza nguvu. Kwenye bunduki za kukunja huenda pia hukuifunga hadi mwisho. Na kabla ya kumpelekea fundi, hakikisha kizuizi cha usalama hakikuwa kimerudi nyuma peke yake, maana kwenye bunduki nyingi za kuwindia hurudi kila unapoifungua.

Kuna hali moja inayowachanganya wenye bunduki za mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Nyingi zina kifyatulio kimoja kinachohamia mtutu wa pili kwa kusukumwa na teke la risasi ya kwanza. Risasi ya kwanza isipowaka, hakuna teke, kwa hiyo ukivuta tena hakuna kinachotokea. Bunduki haijaharibika, imeumbwa hivyo.

Risasi imeingia ndani mno, au haitaki kuingia

Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12, haikai kwenye chemba. Inateleza mbele na kukwama ambapo huioni. Mtu anaona chemba tupu, anadhani amesahau kupakia, anaweka ya geji 12 nyuma yake na kuvuta. Hapo kinachofuata ni mlipuko mtupu. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa desturi hutengenezwa ya rangi ya njano. Kanuni ni fupi: geji mbili hazikai kwenye mfuko mmoja, wala kwenye begi moja, wala kwenye gari moja kama una uwezo wa kuzitenganisha.

La pili ni urefu. Urefu ulioandikwa kwenye risasi hupimwa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Risasi ya inchi 3 ambayo haijapigwa ni fupi kuliko inchi 3, kwa hiyo inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye chemba ya inchi 2¾ na bunduki ikafungika bila shida. Ikipigwa, mdomo wake unakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda kupita kiasi. Soma maandishi ubavuni mwa mtutu, siyo kumbukumbu ya aliyekuuzia. Bunduki za zamani, hasa za Ulaya, zina chemba za milimita 65, na nyingine zina mitutu ya Damaska iliyosukwa kwa vipande vya chuma. Hizo hazipigwi risasi ya kisasa hadi fundi wa bunduki azipime.

Bega limepata rangi ya zambarau

Hapa ndipo risasi inastahili lawama kweli. Teke hutokana na uzito wa kinachotoka, kasi yake, na uzito wa bunduki yenyewe. Ukishuka kutoka gramu 32 za marisau hadi 24 kwa kasi ileile na bunduki ileile, nishati ya teke inapungua kwa takriban asilimia 40. Hakuna mpira wa kitako wala shati la kinga litakalokupa nafuu ya kiasi hicho.

Pingamizi linalokuja hapo ni kwamba gramu 24 hazitoshi. Kanuni za kimataifa za trapu ya Olimpiki haziruhusu zaidi ya gramu 24, pamoja na nusu gramu ya uvumilivu. Kwenye michezo ya Tokyo, mwezi Julai 2021, Zuzana Rehák-Štefečeková wa Slovakia alivunja visahani 125 kati ya 125 kwenye mchujo kwa risasi za kiwango hicho. Visahani vile vina kasi kuliko vya uwanja wa mazoezi. Gramu 24 zinatosha.

Kama umeshuka uzito na bado unaumia, angalia kitako kinakaa wapi. Kinatakiwa kwenye kile kishimo kati ya mfupa wa bega na kifua. Michubuko ikiwa juu ya mkono, kitako kinateleza nje, mara nyingi kwa sababu umekiinua baada ya kuita kisahani kirushwe badala ya kabla. Ikiwa shavu ndilo linalopigwa, kitako ni kirefu au kifupi kwako, au umeliweka shavu kwa woga, halijabanwa vizuri, na bunduki inapata nafasi ya kuja kulipiga. Bunduki nyepesi ya kubeba porini siku nzima itakupiga hata kwa risasi laini. Kwa trapu, kilo 3.5 na zaidi ni rafiki. Nusu otomatiki ya gesi hupunguza makali ya teke kwa sababu hulisambaza kwa muda mrefu zaidi.

Nusu otomatiki haitemi ganda

Umeshuka hadi gramu 24 kama nilivyoshauri, na sasa bunduki yako inaacha ganda likining'inia mlangoni. Ni matokeo ya kawaida. Bunduki hizi hujiendesha kwa nguvu ya risasi, na nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya risasi nzito. Zile zinazotumia teke lenyewe badala ya gesi ndizo zinazolalamika zaidi kwa risasi laini, hasa ukiishika kwa ulegevu ikarudi nyuma pamoja na bega lako.

Kabla ya kurudi kwenye gramu 32, safisha. Kwenye bunduki ya gesi, vitundu vya kupitishia gesi huziba kwa masizi kidogo kidogo, na mwenyewe hutambui mpaka siku ya risasi nyepesi. Chemba nayo husahaulika: plastiki inayoyeyuka kutoka kwenye maganda huacha utando. Kitako cha risasi za bei nafuu huwa cha chuma badala ya shaba. Chuma kikishavimba kwenye mlipuko hakirudi kama shaba inavyorudi, kikikutana na chemba chafu kinang'ang'ania. Brashi ya chemba na dakika tano za kusugua huponya bunduki nyingi zilizokwisha kuhukumiwa kwenda kwa fundi. Ikikataa, panda hadi gramu 28.

Kisahani kinapita kizima, na hujui risasi imekwenda wapi

Tumefika kwenye tatizo lenyewe, lililowaleta wengi hapa.

Anza na hesabu ndogo. Kutoka jichoni hadi kwenye shanga ya mbele ya mtutu ni kama mita moja. Kisahani cha yadi 16 huvunjwa kikiwa kama mita 32 kutoka kwako, wengine wakiwahi, wengine wakichelewa. Kwa hiyo kosa lolote la jicho linazidishwa mara thelathini na zaidi. Shavu likiinuka milimita 5 tu, marisau yanapanda zaidi ya sentimita 15. Upana wote wa mtawanyiko unaofaa ni sentimita 76 hivi, yaani kutoka katikati hadi pembeni una sentimita 38 za kuchezea, na huko pembeni marisau yameshakuwa haba. Milimita 5 ni kitu kidogo mno. Hakuna risasi dukani inayorekebisha hilo.

Mtu huinua shavu kwa sababu anataka kuona. Kisahani kinatoka, anataka kuhakikisha kimevunjika kabla hata hajavuta, na kichwa kinachungulia juu ya bunduki. Mwombe mwenzako asimame nyuma yako asitazame kisahani kabisa, atazame shavu lako na kitako. Akiona mwanga kati yake, amekupa jibu.

Kama shavu limetulia, huenda unapita chini. Hilo ndilo kosa lililo la kawaida zaidi kwenye trapu kwa sababu kisahani kinapanda. Bunduki ikisimama nusu sekunde, kisahani kimeshaondoka juu ya marisau. Bunduki husimama jicho linapoacha kisahani na kurudi kutazama shanga, na ukitaka kujua kama unafanya hivyo jiulize baada ya kukosa: kile kisahani kilikuwa na rangi gani ukingoni? Aliyekuwa akitazama shanga hana jibu.

Halafu kuna bunduki yenyewe inapopiga. Tundika karatasi pana, simama kama mita 12, elekeza bunduki kwenye alama huku shavu likiwa pale pale linapokaa ukiwa uwanjani, piga risasi tatu nne kwa utulivu kwenye alama ileile. Utaona tundu moja kubwa lenye kingo zilizochanika. Katikati ya tundu hilo ikiwa juu ya alama kwa sentimita 2.5, bunduki yako kwa umbali wa kisahani inaweka kama asilimia 60 ya marisau juu na 40 chini, ambayo ni sawa kabisa kwa trapu. Wengi hupenda hata 70 kwa 30, ili wakione kisahani kikielea juu ya mtutu wakati wa kuvuta. Tundu likiwa chini ya alama, mgongo wa kitako uko chini mno kwako. Bandika vipande vya sponji ngumu au tepu juu yake, milimita mbili mbili, na urudie. Kazi hii ina faida kuliko maboksi kumi ya risasi mpya.

Na kasi? Wanaonunua risasi za kasi hudai zinapunguza haja ya kupiga mbele ya kisahani. Tuipime. Tofauti kati ya risasi ya mita 350 kwa sekunde na ya mita 400, kwa umbali wa mita 32, ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Kisahani cha trapu ya Kimarekani hutoka kwa maili 42 kwa saa, karibu mita 19 kwa sekunde, lakini kinakwenda mbali nawe na kukata pembe ndogo tu. Ukikokotoa, tofauti ya kando ni sentimita chache. Ndani ya mtawanyiko wa sentimita 76 hiyo haionekani, ila teke lililoongezeka utalihisi kila mara.

Kinatoa vumbi lakini hakivunjiki

Kwa kanuni za trapu vumbi peke yake si alama. Lazima kipande kionekane kikitoka. Dalili hii inaniambia habari njema kwamba unaelekeza vizuri au karibu vizuri, na sasa ndipo risasi na choki zinaingia kwenye mazungumzo.

Choki ni ule mbano wa mwisho wa mtutu unaoamua marisau yatatawanyika mapema au kwa kuchelewa. Kipimo cha kawaida ni asilimia ya marisau yanayoingia kwenye duara la inchi 30 kwa yadi 40: choki ya fulu huweka kama 70, modifaidi 60, impruvdi silinda 50, na mtutu usio na mbano 40. Kwa yadi 16, modifaidi au iliyo juu yake kidogo inamfaa anayeanza. Wengine watakwambia aanze na choki ya wazi kabisa ili asikose. Sikubaliani. Kwenye mita 32 choki ya wazi inaacha matundu ambayo kisahani kilichokugeuzia ukingo hupita katikati yake, na utajifunza kulaumu mkono uliokuwa sahihi.

Namba 9 iache kwa michezo ya karibu. Ni mengi sana kwenye risasi moja, wakia moja ya marisau ya madini ya risasi ina kama 585 dhidi ya 350 za namba 7½, lakini kila moja ni jepesi na linachoka mapema. Baada ya raundi, kwa ruhusa ya msimamizi, okota visahani vizima vilivyoanguka. Utakuta vyenye tundu moja au mawili safi katikati. Hivyo ulivipata na havikuvunjika. Hutokea zaidi siku ya jua kali, lami inapolainika. Vikiwa vingi, panda kutoka namba 8 hadi 7½.

Ugumu wa marisau nao una neno. Risasi nzuri za shabaha huongezwa antimoni ili marisau yasibonyee yakibanwa kwenye choki. Yaliyobonyea hupepea pembeni kama kokoto bapa. Ukitaka kujua, fumua risasi moja, chukua risau moja ulibane kwa koleo pamoja na la aina nyingine; lililo laini litakuwa chapati kabla ya mwenzake. Na kama mtawanyiko uliokuwa mzuri umeharibika ghafla, usinunue chochote: toa risasi, fungua bunduki, uishike choki kwa vidole. Choki za kuzungusha hulegea kwa kupiga, na iliyolegea huharibu nyuzi za mtutu.

Stesheni ya 3 sawa, ya 5 balaa

Kwa anayetumia mkono wa kulia, kisahani cha stesheni ya 5 kinachokata kulia kinakulazimisha uizungushe bunduki mbali na shavu. Mwili unafika mwisho wa mzunguko, mabega yanaendelea peke yake, shavu linabaki nyuma. Ni suala la miguu. Kabla ya kuita, geuza vidole vya miguu kuelekea kulia zaidi, upande wa kisahani kigumu kuliko vyote vya stesheni hiyo, kisha urudishe mwili kushoto kungoja. Ukizunguka kwenda kulia utakuwa unajifungua badala ya kujifunga. Kwa wa mkono wa kushoto tatizo hilohilo humngoja stesheni ya 1. Bunduki pia isingojee mahali pamoja: stesheni ya 1 iwe juu ya kona ya kushoto ya kibanda, ya 3 katikati, ya 5 kona ya kulia.

Unakosa kushoto, kila mara, na kwa mbali

Mpigaji wa kulia ambaye jicho lake lenye nguvu ni la kushoto anaiweka bunduki chini ya jicho moja na kulenga kwa jingine. Macho yako yametengana sentimita 6 na zaidi, na ukiizidisha kwa hesabu ileile ya umbali, marisau yanapita karibu mita 2 kushoto mwa kisahani. Huyu anaweza kubadilisha risasi mwaka mzima.

Jipime hivi: nyoosha mikono, fanya kitundu kidogo kwa viganja viwili, kitazame kitu cha mbali kupitia kitundu hicho macho yote yakiwa wazi. Fumba jicho la kushoto. Kitu kikibaki, jicho la kulia linatawala. Kikipotea, la kushoto. Anayeanza ningemshauri ahamishe bunduki begani upande wa jicho lenye nguvu, maana hajazoea chochote bado. Aliyekwisha zoea anaweza kubandika kipande kidogo cha tepu yenye ukungu kwenye kioo cha miwani ya kinga mbele ya jicho pinzani, pale tu linapokutana na shanga.

Kidole kinakataa, au mwili unaruka kabla ya mlio

Mpe mwenzako risasi zako pamoja na risasi bandia za mazoezi, akupakie bila wewe kuona. Utakapoangukia bandia, bunduki itabaki kimya na nyote mtauona mdomo wa mtutu ukizama chini. Huo ndio woga wa teke na mlio, na umekuwa ukizama hivyo hivyo kwenye risasi za kweli, ila teke lilikuficha. Shuka uzito wa marisau, vaa vizibo vya masikio na vifuniko vya nje kwa pamoja, na upunguze raundi za siku. Mikono ikichoka kwenye raundi ya tatu, alama zikishuka na woga ukaanza, nenda nyumbani. Nawa mikono kabla ya kula chochote, risasi ina madini ya risasi.

Uwanja umezikataa risasi zako

Viwanja vingi vya trapu haviruhusu marisau makubwa kuliko namba 7½ kwa sababu risau likiwa kubwa linafika mbali zaidi. Hilo la 7½ lenyewe hufika karibu mita 190. Mashindano ya Kimarekani huweka pia ukomo wa wakia 1⅛, na kasi isiyozidi futi 1,290 kwa uzito huo. Vingine vimepiga marufuku madini ya risasi na kudai chuma.

Ukihamia chuma, usihamishe namba. Chuma ni chepesi, uzito wake mahususi ni 7.8 dhidi ya 11.3 wa risasi, kwa hiyo chukua ukubwa wa namba moja juu: chuma namba 7, chenye milimita 2.5 hivi, badala ya 8 au 7½. Hakibonyei, kwa hiyo kinabaki pamoja zaidi, na choki ya modifaidi ya chuma hukaribia fulu ya risasi. Legeza choki hatua moja. Usikipitishe kwenye bunduki ya zamani wala kwenye choki ya fulu ambayo haikuandikwa kuwa inakubali chuma, na ukifika uwanjani, anza tena na ile karatasi ya mita 12.